Milango ya kabati inayokunjana: kosa ni la reli, la pini, au la mlango wenyewe?

#1 Mpangaji_Columbus (Ohio)

Wakuu, salamu. Naomba tujadili jambo linalowasumbua wengi wetu tunaoishi Marekani na Kanada: milango ya makabati ya ukutani inayokunjana katikati, ile yenye vipande viwili vilivyoungwa kwa bawaba, ambayo ukiivuta hujikunja na kujibana upande mmoja wa uwazi. Nyumba ninayopanga ina kabati la chumba cha kulala lenye uwazi wa inchi 60, na milango yake ni ya vipande vinne, viwili kila upande. Jozi ya kulia haina tatizo. Jozi ya kushoto ikifunguliwa hadi mwisho huchomoka kwenye reli ya juu na kuning'inia, na ikifungwa, ukingo wake wa katikati huonekana umeshuka kuliko wa jozi ya kulia. Meneja wa jengo anasema mlango umechakaa na ni lazima ununuliwe mpya. Mimi nasema mlango ni mzima, na kwamba tukibadilisha vyuma vyake tu, yaani pini ya juu, pini ya chini, gurudumu dogo linaloongoza ndani ya reli pamoja na vishikizi vya pini hizo, utafanya kazi kama zamani. Naomba wenye ujuzi wanithibitishie au wanipinge.

#2 FundiTimazi (Minneapolis)

Uko sahihi kwamba mlango hauhitaji kutupwa, lakini huenda hata vyuma havihitaji kununuliwa. Tuanze na namna uzito unavyobebwa, kwa sababu watu wengi hudhani mlango huu unaning'inia kwenye reli. Katika milango ya kawaida ya majumbani, uzito wote hukaa kwenye pini ya chini, ile iliyo karibu na mwimo (mbao ya wima ya fremu, pembeni mwa uwazi), ambayo husimama ndani ya kishikizi chenye meno kilichofungwa sakafuni. Pini ya juu kazi yake ni kuzuia mlango usianguke mbele au pembeni, na gurudumu lililo kwenye kipande cha mbele huongoza tu.

Sasa fikiria kipande cha mbele kinachobebwa na kipande chenye pini kupitia bawaba tatu. Uzito wake huvuta sehemu ya juu ya mlango mzima kuelekea katikati ya uwazi, na papo hapo husukuma sehemu ya chini kuelekea kwenye mwimo. Kinachozuia mvuto huo kule juu ni skrubu moja ndogo inayokibana kishikizi cha juu ndani ya reli. Skrubu hiyo ikilegea, kishikizi huteleza kidogo kidogo kuelekea katikati, na ukingo wa mbele wa mlango hushuka. Funga mlango, kisha utazame mwanya kati ya mlango na mwimo wa kushoto. Ukiona mwanya wa juu ni mpana kuliko wa chini, kishikizi kimeteleza.

#3 MwanaKivu (Louisville, Kentucky)

Salamu kwa wote. Maelezo ya FundiTimazi ni mazuri, lakini kuteleza kwa kishikizi hakuelezi kwa nini mlango unachomoka kwenye reli. Mpangaji atuambie kwanza: je, sakafu ya chumba hicho imebadilishwa? Majengo mengi hapa yameng'oa zulia na kuweka mbao nyembamba za vinaili. Zulia pamoja na godoro lake la chini huwa nene kuliko hizo mbao. Kishikizi cha chini kilichokuwa kimeinuliwa ili kilingane na zulia kikifungwa upya juu ya sakafu nyembamba, mlango mzima hushuka. Kule juu, gurudumu na pini hubaki zimeingia kwenye reli kwa ncha tu, na mlango ukikunjwa kwa nguvu kidogo, gurudumu linatoka. Nimelishuhudia hilo katika nyumba za jirani zangu, na kila mara lawama huwekwa kwenye pini isiyo na kosa.

Kinyume chake pia hutokea: sakafu mpya nene ikiwekwa juu ya ile ya zamani bila kuing'oa, mlango hupanda na kukwaruza reli.

#4 Mzee_Jiliwa (Houston)

Wanangu, mmeanzia kwenye reli na sakafu, nami nawarudisha kwenye mbao. Asilimia kubwa ya milango hii siyo mbao nzima. Nje kuna hadibodi nyembamba iliyofinyangwa ili ionekane kama mlango wa paneli, na ndani kuna uwazi wenye kadibodi, huku mbao halisi zikiwa ukingoni tu. Pini ya chini inaingia kwenye tundu lililotobolewa katika ukanda huo mwembamba wa mbao. Mlango unapofunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi, tundu hupanuka, na pengine pembe ya chini hupasuka kufuata nyuzi za mbao. Mlango huanza kuinama, na mwenye nyumba anadhani reli imeharibika.

Tiba ninayoiamini ni hii. Ng'oa pini na ganda lake la plastiki, safisha tundu mpaka uone mbao safi, kwa sababu gundi haishiki kwenye vumbi wala rangi kuukuu. Panua tundu kidogo, tia gundi ya mbao na kijiti cha mviringo cha mbao ngumu kinachobana humo. Kama pembe imepasuka, sukumiza gundi ndani ya ufa kisha ubane kwa jiliwa pande zote mbili, huku umeweka vipande vya plaiwudi ili jiliwa lisiache alama. Acha hadi kesho yake. Ndipo utoboe tundu jipya katikati kabisa ya unene wa mlango, kwa biti inayolingana na ganda la pini mpya. Kwa mlango ulioharibika zaidi ya hapo, maduka huuza bati la chuma linaloikumbatia pembe ya chini kwa pande zote mbili likiwa na pini yake, nawe unalifunga kwa skrubu.

#5 Nyundo_Nyepesi (Dallas)

Wakuu, seti nzima ya vyuma inauzwa Home Depot, Lowe's na Menards, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na mlango mpya. Kwa nini tusimshauri ndugu yetu anunue seti, abadilishe kila kitu mara moja, alale?

#6 FundiTimazi

Nyundo, tabia ya jina lako imeanza kuonekana. Akinunua bila kupima, anaweza kurudi nyumbani na pini isiyoingia. Pini zinazopatikana zaidi zina kipenyo cha inchi 3/8, yaani milimita 9.5 hivi, lakini zipo pia za inchi 7/16, na kwa macho tofauti yake ni ndogo mno. Pini nyembamba ikiwekwa kwenye tundu la pini nene hucheza, na hapo tutarudi kwenye ugonjwa alioueleza Mzee Jiliwa. Reli nazo hutofautiana kwa upana wa mdomo na kwa umbo la kishikizi kinachoteleza ndani yake, kwa hiyo kishikizi cha mtengenezaji mmoja kinaweza kukataa reli ya mwingine. Kanuni salama ni kung'oa vyuma vya zamani na kwenda navyo dukani mkononi, au kubadilisha reli na vishikizi vyote kwa pamoja kutoka seti moja.

#7 Mpangaji_Columbus

Ahsanteni sana. Nimekagua kama mlivyoelekeza. Mwanya wa juu upande wa mwimo ni mpana kuliko wa chini, jambo linalomuunga mkono FundiTimazi. Sakafu ni ya vinaili, na jirani aliyekaa hapa muda mrefu anasema zamani palikuwa na zulia, jambo linalomuunga mkono MwanaKivu. Pini ya chini nayo inazunguka pamoja na ganda lake nikiigusa kwa spana, badala ya kuzunguka yenyewe ndani ya hesi zake, na sijui jambo hilo linamuunga mkono nani.

#8 Mzee_Jiliwa

Linaniunga mkono mimi, mwanangu. Ganda halitakiwi kuzunguka hata kidogo. Ganda likizunguka maana yake limeachia mbao, na mlango hauwezi kuinuliwa wala kushushwa, kwa sababu kila ukigeuza pini unageuza ganda nalo.

#9 BintiMvita (Toronto)

Naomba niingilie kwa heshima. Nyote mnatazama mlango, hakuna aliyemwambia apime uwazi. Fremu ikiwa haiko katika pembe mraba, unaweza kurekebisha pini mpaka uchoke na mwanya usinyooke. Chukua futi ya utepe, pima ulalo kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha ule mwingine. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, fremu imepinda. Halafu weka pima maji juu ya reli ili uone kama ipo sawa au imelala upande mmoja, na timazi kwenye mwimo. Nyumba za mbao za huku hutulia na kusogea, na kizingiti cha juu cha uwazi mpana huweza kulegea katikati. Kikilegea, reli huinama pamoja nacho na mlango huanza kukwaruza katikati ingawa pini zote ni nzima.

Kisha kuna majira. Kipindi cha baridi, tanuri la nyumba hukausha hewa na mbao hunywea. Majira ya joto unyevu hurudi na mbao huvimba. Milango yangu ni ya msonobari yenye luva (vibao vyembamba vya mshazari vinavyopitisha hewa), na mwezi wa Julai hugusana katikati ilhali mwezi wa Januari ina mwanya wa kutosha kabisa. Ndiyo maana mwanya wa milimita 3 hivi kila upande ni wa lazima, na anayerekebisha mlango wakati wa baridi asiubane sana.

#10 FundiTimazi

Dada BintiMvita, hoja ya unyevu inahusu zaidi mbao nzima kama zako. Mlango wa hadibodi wenye uwazi ndani haubadiliki upana kwa kiasi hicho. Kuhusu ulalo, nakubaliana nawe moja kwa moja, isipokuwa kwamba jozi ya kulia ya Mpangaji inafanya kazi vizuri katika uwazi uleule na chini ya reli ileile.

#11 BintiMvita

Jozi ya kulia kuwa nzima haithibitishi kuwa mwimo wa kushoto umesimama wima, kaka yangu. Miimo ni miwili.

#12 Seremala_Keko (Dar es Salaam)

Wakuu wa ughaibuni, nafuatilia nikiwa Keko, ambako kazi yetu ni samani, na makabati ya ukutani hutuletea kazi nyingi. Huku wateja wengi huagiza milango ya bawaba ya kawaida au ya kuteleza, lakini wateja wanaotaka ya kukunja wapo, hasa kwa vyumba vyembamba ambako mlango wa kawaida ungegonga kitanda. Faida yake ni ya kweli: ule wa kuteleza hukuachia nusu ya kabati kila wakati, huu hukufungulia karibu uwazi wote.

Ninalotaka kusema ni kwamba mnaisahau bawaba ya katikati. Bawaba tatu ndizo zinazobeba kipande cha mbele chote. Skrubu zake zikilegea, hata kwa unene wa kadi, kipande cha mbele hushuka chenyewe bila pini ya juu kusogea. Mpangaji akishike kipande cha mbele kwa chini akiinue taratibu. Kikipanda huku kile chenye pini kimetulia, kosa liko kwenye bawaba. Toa skrubu, jaza matundu vijiti vya meno vilivyolowanishwa kwa gundi, kata vilivyojitokeza, acha vikauke, kisha rudisha skrubu. Na msiniambie niweke skrubu ndefu, kwa sababu katika mbao nyembamba ya ukingoni itatokea upande wa pili au itapasua.

Pia, kwa nini mtengenezaji aweke uzito wote kwenye pini moja ya pembeni? Huku mlango wa mkongo au mninga wa unene wa kawaida ungeivunja pembe hiyo mapema. Sisi hutumia reli ya juu yenye magurudumu yanayobeba.

#13 Mwenye_Pima (Edmonton)

Fundi wa Keko ameuliza swali la msingi. Mifumo ya kuning'iniza juu ipo hata huku, na hutumika kwa milango mizito, lakini inahitaji kizingiti chenye mbao imara nyuma ya jipsamu, kwa sababu uzito wote unavuta skrubu za reli kwenda chini. Mfumo wa pini ya chini ulienea kwa kuwa sakafu ndiyo inayobeba, na mlango wa hadibodi ni mwepesi. FundiTimazi aliposema uzito wote hukaa chini alikuwa sahihi kwa mfumo huu, lakini msomaji mwingine asichukulie kuwa ndivyo ilivyo kwa kila mlango unaokunjana.

Nyongeza ndogo kuhusu uzito: naomba Mpangaji aseme kama kuna kioo au vining'inizo vya viatu kwenye jozi ya kushoto. Kioo cha urefu wa mlango kikibandikwa kwenye kipande cha mbele, bawaba na skrubu ya kishikizi cha juu vinapata mzigo ambao havikukusudiwa.

#14 Mpangaji_Columbus

Kioo kipo, tena kwenye kipande cha mbele cha kushoto. Nilikikuta.

#15 Mwenye_Pima

Basi hicho ndicho kilichosababisha kishikizi kiteleze.

#16 MwanaKivu

Au kilichosababisha ganda la pini liachie, au skrubu za bawaba zilegee. Kioo kinaweza kuhusishwa na kila nadharia iliyotolewa hapa, kwa hiyo hakijatusaidia kuchagua.

#17 Mama_Wawili (Dallas)

Salamu zenu. Mimi naona mnakwepa sababu iliyo kubwa zaidi katika nyumba zenye watoto, nayo ni mahali pa kushikia. Mlango huu ukivutwa kwa kitasa kilichowekwa karibu na ukingo wa mbele, hausikii amri ya kujikunja. Mtu huvuta kwa nguvu, gurudumu linasukumwa pembeni ndani ya reli, na siku moja linatoka. Kitasa kikiwekwa kwenye kipande cha mbele lakini karibu na bawaba ya katikati, mkono unavuta mahali panapotakiwa kujitokeza, na mlango unakunjika kwa kidole kimoja. Nilikihamisha cha chumba cha wanangu, na gurudumu halijatoka tena.

Na kwa wenye watoto wadogo: mkunjo ule wa katikati hubana vidole. Kuna kibanio kidogo kinachowekwa juu ya mlango, mahali ambapo mtoto hafiki, ili usikunjike bila mtu mzima.

#18 Nyundo_Nyepesi

Dada Mama_Wawili, kitasa karibu na bawaba kinapendeza mkononi lakini hakipendezi machoni. Katika milango minne, vitasa viwili vikiwa mbali hivyo huonekana kama vimewekwa na mtu mwenye haraka, na mimi ndiye ninayeitwa mwenye haraka humu. Katikati ya upana wa kipande cha mbele panatosha: mkono unapata nguvu ya kukunja, na macho yanapumzika.

#19 Mama_Wawili

Macho yapumzike, lakini mlango wa Mpangaji uanguke? Nabaki na msimamo wangu.

#20 Mzee_Jiliwa

Kabla ya mtu yeyote kuanza kurekebisha, aelezwe namna ya kuushusha mlango bila kuumia. Kunja vipande viwili vibanane, vishike pamoja, kisha inua mlango wote juu. Pini ya juu ina springi, kwa hiyo itazama na kukupa nafasi. Pini ya chini ikishatoka kwenye kishikizi, vuta sehemu ya chini ya mlango kuelekea kwako, halafu shusha. Kama springi imekwama kwa rangi, mtu wa pili aibonyeze pini ya juu kwa bisibisi bapa wakati wewe umeshika. Milango ya luva ya mbao nzima ni mizito, na hiyo yenye kioo ni hatari. Kioo kitangulie kutoka.

Mlango ukiwa mezani, bonyeza gurudumu na pini ya juu kwa kidole. Zote mbili zinapaswa kurudi zenyewe kwa nguvu. Inayobaki chini imekufa, na hiyo ndiyo ya kununua.

#21 BintiMvita

Kuhusu kukwama: wengi hukimbilia kupulizia mafuta mepesi ndani ya reli. Mafuta hayo hushika vumbi la nguo na kutengeneza uji mweusi. Futa reli kwa kitambaa kikavu, kisha paka nta ya mshumaa au pulizia silikoni kavu.

#22 Seremala_Keko

Nta, ndiyo. Silikoni sipendi ifike kwenye mbao, kwa sababu siku utakapotaka kupaka rangi, rangi itakataa kushika mahali pale.

#23 FundiTimazi

Rangi imetajwa, na kuna jambo ambalo halipaswi kupita kimya. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Mtu anayeishi katika nyumba iliyojengwa kabla ya hapo asikwangue wala kusugua kwa msasa mkavu ukingo wa mlango unaokwaruza, hasa penye watoto, kwa sababu vumbi lake ni sumu. Rekebisha mwanya kwa pini na vishikizi kwanza. Randa na msasa viwe vya mwisho.

Jambo la pili la usalama: kama kabati ni la mashine ya kukaushia nguo au mtambo wa gesi wa kuchemshia maji, na milango yake ni ya luva, usiibadilishe kwa milango isiyopitisha hewa kwa sababu tu mipya inavutia. Luva hizo ziliwekwa ili vifaa vipate hewa. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi hutaka kabati la mashine ya kukaushia nguo liwe na uwazi wa angalau inchi 100 za mraba wa kuingizia hewa. Kwa kifaa cha gesi, kukosa hewa huweza kuzalisha gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu.

#24 MwanaKivu

Na Mpangaji akumbuke kuwa mlango si wake. Aandike barua pepe kwa meneja, aambatanishe picha za mwanya, kioo na sakafu, na aombe idhini kwa maandishi kabla ya kutoboa lolote. Ohio mwenye nyumba ana siku 30 baada ya mpangaji kuondoka na kurudisha nyumba ili arejeshe amana au aorodheshe kwa maandishi alichokata. Minnesota ni wiki tatu. Uchakavu wa kawaida haupaswi kukatwa kwenye amana, lakini tundu ulilotoboa mwenyewe ni hoja nyingine. Kulegeza skrubu ya kishikizi na kukisogeza hakuachi alama, hilo linaweza kuwa la kwanza.

#25 Mpangaji_Columbus

Nimepata idhini ya kurekebisha bila kutoboa. Nimetoa kioo. Nimelegeza skrubu ya kishikizi cha juu, nikakisogeza kuelekea kwenye mwimo mpaka mwanya ukawa sawa juu na chini, kisha nikakaza. Ukingo wa katikati umepanda na sasa unalingana na jozi ya kulia, na vile vibati viwili vya nyuma vinavyoshikana milango ikifungwa vinakutana bila kugongana. Hata hivyo, nikikunja jozi hadi mwisho, gurudumu bado linachomoka, ingawa si kila mara. Springi ya gurudumu hurudi, lakini taratibu.

#26 MwanaKivu

Kama nilivyosema kwenye #3. Kushuka kwa ukingo kulikuwa tatizo moja, na kuchomoka ni la pili. Mlango uko chini mno. Pima umbali kutoka juu ya mlango hadi kwenye reli pande zote mbili, na ulinganishe na jozi ya kulia. Ukiwa mkubwa kushoto, weka kipande cha plaiwudi chini ya kishikizi cha sakafuni.

#27 Mzee_Jiliwa

Plaiwudi ni sahihi kama sakafu ndiyo iliyoshuka. Lakini jozi ya kulia inasimama juu ya sakafu hiyohiyo, mwanangu, na haichomoki. Ganda la kushoto limelegea, pini imezama ndani ya mbao, na mlango umeshuka upande mmoja tu. Ukiweka plaiwudi utainua mlango leo, na pini itaendelea kuzama. Wala usijaribu kufidia kwa kuifungua pini mpaka hesi zibaki chache ndani, itayumba na kumalizia kuvunja ukingo.

#28 Seremala_Keko

Springi inayorudi taratibu imechoka, wazee. Gurudumu ni kitu kidogo, libadilishwe kwanza kabla ya kugusa sakafu au mbao.

#29 BintiMvita

Na bado hakuna kipimo cha timazi kwenye mwimo wa kushoto.

#30 Mgeni_Regina (Saskatchewan)

Samahani kwa kuingia katikati. Milango yangu ni ya bati la chuma, nyumba ni ya zamani, na pini yake ya juu imevunjika. Je, seti hizi mnazozitaja zinaingia?

#31 Mwenye_Pima

Kwa kawaida haziingii. Mlango wa chuma hauna mbao ya kutoboa, na pini zake hukaa kwenye kibati kilichochomekwa au kufungwa ndani ya pembe ya mlango. Ng'oa kibati pamoja na kipande cha pini kilichobaki, pima kipenyo kwa kalipa, pima pia upana wa mdomo wa reli na unene wa mlango, ambao mara nyingi ni mdogo kuliko wa mbao. Utafute vipuri vilivyoandikwa kuwa ni vya milango ya chuma, na uweke picha hapa kabla ya kununua, kwa sababu maumbo yake ni mengi.